Kilo, Kamba na Mwezi wa Kupimwa: Kumbukumbu za Mizani Mpanda

Uwiano wa uzito na urefu, ambao wahudumu wengi wa afya huuita BMI tu, hupatikana kwa kugawa kilo za mtu kwa urefu wake wa mita uliozidishwa kwa wenyewe. Mwenye kilo 58 na urefu wa mita 1.56 huzidisha 1.56 kwa 1.56 akapata 2.4336, kisha akagawa 58 kwa hiyo namba. Jibu ni 23.8. Kwa mtu mzima, jibu lililo chini ya 18.5 huhesabiwa kuwa uzito pungufu. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 ni uzito unaofaa, kuanzia 25 ni uzito uliozidi, na kuanzia 30 ni unene uliokithiri, ambao wataalamu wa lishe nchini Tanzania huuita kiribatumbo. Mipaka hiyo imewekwa na Shirika la Afya Duniani. Mtu anayetaka kujua kilo zinazomfaa anaweza kuigeuza hesabu: mwenye urefu wa mita 1.60 anafaa kuwa kati ya kilo 47 na kama 64 hivi. Upana huo wa kilo 17 ni mkubwa, na wengi hushangaa wakiusikia kwa mara ya kwanza, kwa kuwa walidhani kila urefu una kilo zake maalumu.

Mkoani Katavi, ulipo mji wa Mpanda, namba hii ilikuta kipimo kingine kimeshakaa, nacho ni jicho. Katika mazungumzo ya kila siku mtu akisemwa kuwa "ana afya" maana yake amenenepa. Aliyetoka Mpanda kwenda kutafuta maisha akarudi mashavu yamejaa hupokelewa kwa furaha: amenawiri, huko kuzuri. Aliyerudi amekonda huulizwa kwa sauti ya chini kama anaumwa. Mazoea hayo hayakutoka hewani. Katika miaka ya 1980 na 1990, kabla ya dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI kuanza kutolewa bure nchini mwaka 2004, kukonda kulikuwa habari ya msiba unaokuja, na familia nyingi zilijifunza kumtazama mtu mifupa ya shingo kabla ya kumjulia hali. Mhudumu anayemwambia mama wa Mpanda kwamba kilo zake zimezidi anapambana na kumbukumbu hiyo, na asipoijua ataonekana anamwonea wivu.

Kanuni yenyewe ni ya zamani kuliko zahanati yoyote ya mkoa huu. Aliyeiona kwanza ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji aliyezaliwa mwaka 1796, mtaalamu wa nyota na takwimu. Katika miaka ya 1830 alibaini kwamba watu wazima wakilinganishwa, uzito wao hupanda kwa kufuata urefu uliozidishwa kwa wenyewe. Hakuwa na mgonjwa mbele yake. Alikuwa akitafuta umbo la mtu wa wastani. Kanuni ikakaa vitabuni zaidi ya miaka mia. Mwaka 1972 Ancel Keys wa Marekani na wenzake waliijaribu kwa vipimo vya wanaume zaidi ya 7,000 kutoka Marekani, Finland, Italia, Japani na Afrika Kusini. Waliona kwamba inakadiria mafuta ya mwilini angalau sawasawa na kanuni nyingine yoyote rahisi, wakaipa jina linalotumika hadi leo. Katika kundi hilo hapakuwa na mwanamke hata mmoja. Hilo ni la kukumbukwa mahali kama Mpanda, ambako asubuhi foleni ya mizani huwa ya kina mama. Mipaka nayo haiko sawa kwa kila asili ya watu: mwaka 2004 wataalamu walioitwa na Shirika la Afya Duniani walipendekeza kwamba kwa watu wa Asia tahadhari ianze kwenye 23, maana kwao kisukari na maradhi ya moyo huanza mapema zaidi. Pendekezo hilo linawahusu pia Watanzania wenye asili ya huko.

Makosa mengi huingia kabla hata hesabu haijaanza. Mwandishi wa kumbukumbu hizi aliwahi kupimwa kilo 72 katika kituo kimoja cha afya. Ilipofika zamu ya urefu, mhudumu alimtazama toka juu hadi chini, akaandika 173. Urefu wake wa kweli ni sentimita 168. Kwa namba iliyoandikwa, uwiano ulitoka 24, akapongezwa na kuambiwa aendelee hivyohivyo. Kwa urefu wa kweli uwiano ulikuwa 25.5, yaani alikuwa amekwisha kuvuka mpaka. Kwa kuwa urefu huzidishwa kwa wenyewe, kosa dogo la urefu huleta kosa karibu mara mbili yake katika jibu. Ilipita miaka miwili kabla hajasimamishwa ukutani na kupimwa sawasawa. Muda huo wote shinikizo lake la damu lilikuwa likipanda, naye hakuwa na sababu ya kuzishuku kilo zake.

Kipimo cha kweli hakihitaji chumba cha fahari. Mizani ikae juu ya saruji au ubao mgumu. Kwenye sakafu ya udongo au juu ya mkeka hudanganya. Mshale au namba ianzie sifuri kabla mtu hajapanda. Viatu vivuliwe, simu, funguo na sarafu zitoke mfukoni, kitenge cha pili kifunguliwe. Kwa urefu, visigino, makalio, mabega na kisogo viguse ukuta, macho yatazame mbele, kisha kitu kilicho bapa, hata daftari gumu, kilazwe kichwani na alama iwekwe ukutani. Wanawake waliosuka nywele za juu hupimwa nywele zikiwa zimebanwa. Vijana wanaotembeza mizani stendi na sokoni wanafanya kazi yenye faida kwa umma, lakini mara nyingi mteja husimama na viatu vyake, ameshika mfuko wa dagaa mkononi.

Namba ikishapatikana, swali linalofuata ni kilo hizo zimetokana na nini. Mizani haitofautishi msuli na mafuta. Kwenye mashine za kukoboa mpunga Mpanda kuna makuli wanaobeba magunia toka asubuhi hadi jioni. Kuli wa mita 1.70 mwenye kilo 76 ana uwiano wa 26.3, na kwa chati ya ukutani amezidi uzito. Mikono na mapaja yake yanaeleza habari nyingine. Jirani yake, mwenye duka, ana urefu uleule na kilo 68. Uwiano wake ni 23.5, "unaofaa" kabisa, ila mikono yake ni myembamba na kilo zimejikusanya tumboni. Kwa maradhi ya moyo na kisukari, mwenye duka ndiye wa kuangaliwa kwa makini. Mafuta yanayozunguka utumbo na ini ni hatari kuliko yale ya mapajani na nyonga, na hesabu ya Quetelet haiwezi kuyaona.

Ndiyo maana kiuno hupimwa pamoja na kilo. Shirika la Afya Duniani huhesabu hatari kuwa imeongezeka kiuno kikizidi sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke, na kuwa kubwa zaidi kikizidi 102 na 88. Mwenye futi kamba ya fundi cherehani aizungushe katikati ya mbavu ya mwisho na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kujibana tumbo. Asiye na futi kamba atumie kamba yoyote ya kawaida. Ikatwe iwe sawa na urefu wa mtu, ikunjwe katikati mara moja, kisha izungushwe kiunoni. Ikifika na kukutana, kiuno hakijazidi nusu ya urefu, na hapo ndipo kinapotakiwa kuwa. Ikishindwa kukutana, mtu akapimwe shinikizo la damu na sukari hata kama chati ya kilo imempitisha. Kipimo hiki cha kamba hakidai shule wala betri, na kinastahili kufundishwa katika kila mkutano wa kijiji.

Katavi ina jambo jingine ambalo chati hazikulifikiria: mwezi. Mkoa una msimu mmoja wa mvua, kuanzia Novemba hadi Aprili hivi. Chakula hujaa baada ya mavuno, mpunga unapopurwa Mpimbwe na mahindi yanapoingia ghalani, na hupungua katikati ya masika, wakati huohuo kazi ya kupalilia inapokula nguvu nyingi kuliko zote. Watafiti Monique Borgerhoff Mulder na Craig Hadley, waliofanya kazi kati ya Wapimbwe na Wasukuma wa ukanda huu kabla haujatengwa na Rukwa kuwa mkoa mwaka 2012, waliandika juu ya uhaba huo wa chakula unaokwenda na kurudi kwa majira na jinsi unavyowaelemea kina mama. Mkulima wa huku anaweza kupimwa Februari na tena Julai akaonekana watu wawili. Aliyepimwa Julai pekee ataitwa mwenye uzito unaofaa, na aliyepimwa Februari pekee ataandikwa pungufu. Wote wawili ni mtu mmoja, na mwezi usipoandikwa kando ya kilo, kadi haimsaidii mhudumu atakayeisoma baadaye. Nyumbani kwa mwandishi, kilo za watu wazima zilipimwa kila baada ya mavuno kwa mzani uleule uliopimia karanga, zikaandikwa kwa makaa ya betri nyuma ya mlango wa ghala. Mama ndiye aliyeshika utaratibu huo. Hakuwahi kusikia habari za uwiano wowote, lakini alijua kwamba mwaka hulinganishwa na mwaka mwenzake katika msimu uleule.

Mlango huo ulikuja kufundisha jambo zito zaidi. Baba mdogo wa mwandishi, mwanamume wa mita 1.70, alikuwa na kilo 70 kwa miaka mingi. Alikwenda kuchimba dhahabu, na aliporudi alikuwa na kilo 62 na kikohozi alichokilaumu vumbi la shimoni. Alipofika kupimwa, uwiano wake ulikuwa 21.5, akaambiwa uzito wake ni mzuri. Kweli, 21.5 ni namba nzuri. Lakini mwaka mmoja nyuma ilikuwa 24.2, na katika miezi michache mwili wake ulikuwa umepoteza zaidi ya asilimia 11 ya kilo zake bila yeye kutaka. Hakuna aliyemwuliza alikuwa na kilo ngapi zamani. Aliyeuliza alikuwa mama, akiwa amesimama mbele ya mlango wa ghala, na ndiye aliyemrudisha hospitali wiki hiyohiyo apimwe makohozi. Alikuwa na kifua kikuu. Alitibiwa miezi sita akapona.

Kupungua uzito bila sababu, pamoja na kikohozi cha wiki mbili au zaidi, homa na jasho la usiku, ni dalili ambazo kila mhudumu nchini hufundishwa kuziuliza. Katika machimbo ya wilaya za Katavi, ambako vumbi la mwamba huumiza mapafu na kuyafungulia mlango vimelea vya kifua kikuu, swali la kilo za mwaka jana lina uzito kuliko hesabu yoyote ya leo. Kwa anayeishi na virusi vya UKIMWI ni hivyohivyo: kwenye kliniki za tiba na matunzo mizani hupandwa kila hudhurio, na mstari unaoshuka ndio unaomfanya daktari anyanyue macho, hata kama bado uko juu ya 18.5.

Wapo ambao kipimo hiki hakiwafai kabisa kikitumiwa kwa mipaka ya watu wazima. Watoto ni wa kwanza. Uwiano wa mtoto hubadilika kila umri, ukipanda na kushuka na kupanda tena, kwa hiyo husomwa kwenye chati za umri na jinsia: viwango vya Shirika la Afya Duniani vya mwaka 2006 kwa walio chini ya miaka mitano, na vya mwaka 2007 kwa wa miaka 5 hadi 19. Watu wazima wengi wa Mpanda walipimwa kwa mara ya kwanza wakiwa wananing'inia kwenye suruali ya kitambaa, mzani umefungwa tawini mwa mwembe, huku mama akisubiri kuona nukta yake imeangukia wapi kwenye kadi ya kliniki. Kwa kutafuta utapiamlo mkali, utepe wa mkono una kasi zaidi: mtoto wa miezi 6 hadi 59 ambaye mzunguko wa mkono wake wa juu uko chini ya sentimita 11.5 anahitaji matibabu bila kungoja hesabu.

Mjamzito ni wa pili. Kilo za mimba ni za mtoto, kondo, maji na damu iliyoongezeka, hivyo uwiano wenye maana ni ule wa kabla ya kushika mimba. Tatizo ni kwamba wengi hufika kliniki tumbo likiwa limekwisha kuonekana, na uzito wa kabla haujulikani. Katavi ina sababu ya pekee ya kulijali hili. Utafiti wa kitaifa wa afya ya uzazi wa mwaka 2015–16 ulionyesha kwamba asilimia 45 ya wasichana wa mkoa huu wenye miaka 15 hadi 19 walikuwa wamekwisha kuzaa au walikuwa na mimba ya kwanza, kiwango cha juu kuliko mkoa mwingine wowote nchini. Msichana wa miaka 16 mwenye mimba bado anarefuka mwenyewe. Chakula chake kinagombewa na miili miwili inayokua. Kumsomea chati ya mtu mzima ni kumwonea.

Wazee ambao mgongo umepinda hupoteza sentimita, na uwiano wao hupanda bila kilo kuongezeka. Mwenye miguu iliyovimba kwa ugonjwa wa moyo au figo hubeba maji ambayo mizani huyahesabu kama mwili. Hao wapimwe, lakini namba yao isomwe na mtu anayewagusa na kuwauliza.

Kwa mtu mzima wa kawaida, hata hivyo, kipimo hiki kina kazi kubwa ya kufanya sasa kuliko zamani. Utafiti huohuo wa mwaka 2015–16 ulikuta asilimia 28 ya wanawake wa Tanzania wa miaka 15 hadi 49 wakiwa na uzito uliozidi au kiribatumbo, na asilimia 10 wakiwa pungufu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 waliozidi uzito walikuwa kama 11 katika kila mia. Mpanda inayajua mabadiliko hayo kwa miguu yake. Safari iliyofanywa kwa baiskeli kutoka shambani sasa ni ya bodaboda. Mahali pa viazi vitamu vilivyochemshwa pamekaa chipsi na soda. Migebuka na dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaoingia kutoka Karema na Ikola hukaangwa kwa mafuta ambayo zamani yalinunuliwa kwa kijiko. Mtu hanenepi kwa uzembe. Mji umebadilisha kazi na chakula chake ndani ya kizazi kimoja, na miili imefuata.

Na hapa urefu unarudi na neno lake. Mwaka 2015–16 Rukwa, ambayo Katavi ilikuwa sehemu yake hadi 2012, iliongoza nchi kwa udumavu: asilimia 56 ya watoto walio chini ya miaka mitano, katika ukanda unaolisha mikoa mingine mahindi na mpunga. Mtoto aliyedumaa huwa mtu mzima mfupi. Kilo 60 kwa mwanamke wa mita 1.62 ni uwiano wa 22.9, lakini kwa dada yake aliyedumaa akaishia mita 1.50, kilo zilezile ni 26.7. Dada huyo hakula zaidi ya mwenzake ukubwani. Alikosa maziwa, maharage, mayai na samaki katika siku 1,000 za mwanzo wa maisha yake, na deni hilo linadaiwa sasa kwa namba nyingine. Anayemlaumu kwa kilo zake angeuliza kwanza alilishwa nini utotoni.

Mwaka 2023 chama kikuu cha madaktari wa Marekani kilipitisha msimamo kwamba uwiano huu utumike pamoja na vipimo vingine, usitegemewe peke yake. Kwa Mpanda, vipimo vingine hivyo vipo tayari na ni vya bei nafuu: kamba ya kiuno, mashine ya shinikizo la damu, kilo za mwaka jana na jina la mwezi. Msomaji atakayepanda mizani wiki hii aombe na urefu wake upimwe ukutani bila viatu, hata kama foleni ni ndefu. Aandike nyuma ya kadi yake kilo, sentimita za urefu, sentimita za kiuno na tarehe, na mwakani katika mwezi huohuo arudi nayo.